Watoto 94 darasani, nitawatendeaje haki wote? Jibu langu kutoka Tanga

Mdogo wangu, umeuliza swali ambalo mimi nilichelewa miaka mingi kujiuliza. Una watoto 94 wa darasa la tatu, wakati kiwango cha serikali ni 45 kwa mwalimu mmoja, na unahofia kuna wanaosoma na kuna wanaokalia madawati tu. Umesema unajitahidi "kuwaona wote sawa". Na mimi nilikuwa nikisema hivyohivyo, kwa hiyo naanzia hapo.

Nafundisha shule ya msingi ya pwani, kusini ya mji wa Tanga, huu mwaka wa 17. Kuna mwaka alikuja kwetu mwanachuo wa mazoezi ya kufundisha. Nikamwomba akae nyuma na orodha ya majina, kila nikimtaja mtoto kujibu swali aweke alama. Tukafanya wiki nzima. Darasa lilikuwa na watoto 88. Niliowataja mara kwa mara walikuwa 11, tisa kati yao wa safu mbili za mbele. Zaidi ya 40 sikuwataja hata mara moja, ukiacha asubuhi wakati wa kuita mahudhurio. Yule kijana hakusema neno, alinipa karatasi tu. Nilikaa nayo ofisini mpaka kengele ya kutokea, maana kama ungeniuliza kabla ya hapo, ningekuapia kwamba sina upendeleo.

Basi nikachukua vizibo vya soda, vile tunavyohesabia na watoto wadogo, nikaviandika namba za daftari la mahudhurio na kuvitia kwenye kopo. Kizibo kikitoka, mwenye namba anajibu, nacho kinaingia kopo la pili mpaka la kwanza liishe. Asiyejua simruki. Anamuuliza jirani yake, kisha anajibu yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Nami nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo. Utaona ugumu wa hilo la kusubiri! Ila kuna mtoto niliyedhani ni mzito wa akili, kumbe alihitaji zile sekunde tu.

Lakini vizibo vinamsaidia mtoto aliyefika shule. Kubwa zaidi kwangu lilikuwa la wasiofika.

Mimi ni wa Singida. Bahari niliiona mara ya kwanza mwaka niliopangiwa kazi huku. Daftari langu lilikuwa na siku darasa limejaa, halafu siku tatu nne mfululizo pengo tupu, hasa wasichana. Nikaita utoro. Waliporudi nikawachapa. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Sikuwa na ruhusa na sikuandika hata kimoja. Nalisema hili hapa kwa sababu najua siko peke yangu, na bado linaniuma.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja anayeuza pweza. Alikuja shuleni bila kuitwa, akanisalimia vizuri, akasema: "Mwalimu, siku za bamvua maji yanakupwa saa nne asubuhi. Hapo ndipo tunachokoa pweza. Nikimleta huyu shule, mdogo wake nimwachie nani?" Usiku ule nilifungua daftari na kalenda. Mapengo yote yalikuwa mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndizo siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Mtoto wake nilikuwa nimemchapa mara mbili muhula ule.

Siku hizi natia duara siku za bamvua kwenye kalenda mapema, kwa ridhaa ya mwalimu mkuu. Siku hizo sianzishi mada mpya ya hesabu wala sitoi jaribio. Tunasoma hadithi, tunarudia yaliyopita. Mada ngumu naziweka siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Wenzangu wawili waliniambia naulea utoro. Hapana. Wazazi tunaendelea kuwafuata, mwenyekiti wa mtaa anajua, na mtoto wa shule anatakiwa awe shule. Ila jaribio la hesabu siku ya bamvua linapima nani ana bibi wa kumshikia mdogo wake, halipimi hesabu. Wavulana wakubwa wanaochukuliwa dago, yaani kambi za wavuvi, na wajomba zao, hao sijapata njia nao. Mwenye uzoefu aseme, namwomba.

Kuhusu kukaa: kila Jumatatu safu ya mbele inakwenda nyuma, wengine wanasogea. Nilipoanza, msichana mmoja mrefu, ambaye miaka miwili alikuwa akiwekwa nyuma kwa ajili ya urefu wake, alifika mbele, na daftari lake likabadilika wiki ileile. Alikuwa haoni ubao. Nikamwacha mbele moja kwa moja. Wenzake wakalalamika: mbona yeye hahami? Nilimuuliza kwanza kama niwaambie sababu, akakubali. Nikawaeleza, wakanyamaza, na mmoja akasema basi naye hasikii vizuri sikio la kushoto. Hilo sikuwa nalijua.

Zamu za usafi angalia pia. Kwetu wasichana walikuwa wakifagia na kuchota maji, wavulana wanafuta ubao na kugonga kengele. Kufagia kulikuwa kunakula dakika za kipindi cha kwanza kila siku. Sasa ni kwa namba zilezile za vizibo.

Wewe na watoto wako 94 anza na ile karatasi ya alama, kabla ya jambo lingine lolote. Kama huna mwanachuo, mpe kiranja. Wiki ikiisha rudi hapa utuandikie ni wangapi hukuwataja, na wanakaa upande gani wa darasa.