Viazi chini ya majani ya mpunga Ruzizi: inawezekana, ila mwezi wa sita na upande wa juu

Dada uliyeuliza kama unaweza kupanda viazi mviringo bila kulima kwenye shamba lako la mpunga karibu na Luvungi, katika uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kwa kuviweka juu ya udongo na kuvifunika majani makavu kama ulivyoona kwenye video ya Vietnam: ndiyo, vinaota na vinazaa. Tumefanya hivyo na shemeji yangu upande huohuo wa uwanda, na mimi mwenyewe nalima viazi Kabare, milimani, tangu zamani, kwa hiyo nimeona pande zote mbili. Lakini ndugu aliyekujibu kwamba viazi ni vya milimani asipuuzwe. Anachosema ndicho kitakachoamua kama utavuna viazi au majani matupu.

Kiazi hutunga vizuri udongo ukiwa na ubaridi, kati ya nyuzi 15 na 20. Usiku ukibaki juu ya 20, mmea unarefuka, unapendeza macho, halafu chini unakuta viazi vichache vidogo kama karanga. Sasa angalia wenzetu wa Vietnam ya kaskazini, kwenye bonde la Mto Mwekundu. Wanavuna mpunga mara mbili kwa mwaka, wa pili mwezi wa tisa au wa kumi, halafu viazi vinaingia mwezi wa kumi na wa kumi na moja na kutoka mwezi wa kwanza au wa pili. Huo ni msimu wao wa baridi: Hanoi mwezi wa kwanza wastani ni nyuzi 16 au 17. Video haikuonyeshi hilo. Majani unayaona, baridi huioni.

Ruzizi hatuna msimu kama huo. Tunacho kiangazi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba hupoa kuliko miezi mingine. Ndiyo nafasi pekee ninayoiamini. Mpunga ukitoka mwezi wa tano au mwanzo wa wa sita, kiazi kiwe ardhini mara moja, kisisubiri. Ukichelewa hadi wa nane, viazi vitatunga wakati joto linarudi na mvua inakaribia. Na mwinuko una maana: Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770, na Mto Ruzizi unateremka kati ya hayo mawili. Kila mita mia unazoshuka, joto linaongezeka kwa zaidi ya nusu nyuzi. Kamanyola na Luvungi mko juu kidogo, jaribuni. Mtu wa Kiliba, chini karibu na Tanganyika, akiniuliza, nitamwambia apande mahindi au maharage baada ya mpunga, aniachie viazi.

Majani yenyewe hayaleti baridi, yanazuia jua lisipige udongo. Ingiza mkono chini yake saa nane mchana, halafu gusa udongo ulio wazi pembeni, utaelewa bila kuelezwa. Unyevu pia unabaki, na magugu mengi yanakosa mwanga. Kuna faida nyingine ambayo watu wa uwanda wataithamini: sehemu za Ruzizi zina chumvi, ile nyeupe inayojitokeza juu kiangazi. Chumvi hiyo inapandishwa na maji yanayokauka, na udongo uliofunikwa haukauki haraka. Huko Sundarbans, mpakani mwa India na Bangladesh, wakulima wanafunika viazi kwa majani ya mpunga kwa sababu hiyohiyo.

Jinsi ya kufanya. Toa maji shambani kama wiki mbili kabla ya kuvuna mpunga, ili udongo uwe na unyevu bila kuwa tope. Kata mpunga chini, usiache visiki virefu. Kisha chimba mifereji tu, kina cha sentimita 25 hivi, ukiacha kati yake matuta bapa yenye upana wa mita moja na kidogo, na udongo wa mfereji uutandaze juu ya tuta. Hiyo ndiyo kazi yote ya jembe. Usiipunguze, kwa maana udongo wa mpunga ni mzito, maji yakituama siku mbili mbegu inaoza. Panga mbegu mistari miwili kwa kila tuta, sentimita 30 kutoka mbegu hadi mbegu, ukiikandamiza kidogo ishike udongo. Samadi iliyoiva weka kando yake, isiiguse. Mbegu iwe nzima, ukubwa wa yai la kuku, yenye machipukizi mafupi na imara. Wanaokata mbegu milimani wana sababu zao, lakini hapa, kwenye unyevu huu, kidonda cha kisu ni mlango wa kuoza.

Funika sentimita kumi baada ya majani kujibana, maana yakiwa mapya yanadanganya. Mimea ikifika urefu wa kiganja ongeza tena, na ikibidi mara ya tatu. Kiazi kinachoona mwanga kinageuka kijani, kinakuwa kichungu na kina sumu, usikile na usikiuze. Maji yapitishe kwenye mifereji hadi nusu, yaache yanywewe na tuta, halafu yatoe. Baada ya miezi mitatu hivi unafunua na kuokota. Viazi vinatoka safi, bila mikwaruzo ya jembe, na unaweza kuchukua vikubwa ukafunika vidogo viendelee.

Sasa tatizo ambalo kwangu ni kubwa kuliko joto: majani hayatoshi. Shamba moja la mpunga halifuniki shamba la viazi la ukubwa uleule kwa unene huo, hata kidogo. Unahitaji majani ya majirani, na majirani wanayachoma au wanawapa ng'ombe. Kiangazi mifugo inashuka uwandani kutafuta malisho, na majani makavu ni chakula chao. Nisikilize vizuri hapa, dada: zungumza na wafugaji kabla, mbele ya mkubwa wa kijiji, mkubaliane yapi ni ya ng'ombe na yapi ni ya shamba. Ugomvi wa mkulima na mfugaji huko kwenu umeumiza watu wengi mno. Kama majani ni machache, punguza eneo, usipunguze unene. Anza na mita kumi kwa kumi. Chunguza pia mchwa na panya, wote wanapenda makazi hayo.

Watu husema njia hii haina kazi. Kulima na kupandishia udongo kunaondoka, kweli, na kuvuna kunakuwa kwepesi, lakini kubeba majani kunaingia, na kwa kawaida mizigo hiyo inaishia mgongoni mwa akina mama. Hesabu hilo mapema, mpange mkiwa wengi.

Magonjwa: mildiyu, ule ukungu unaounguza majani ya viazi, inasumbua kidogo kiangazi kwa sababu majani ya mmea yanakaa makavu. Kabare wakati wa mvua hali ni nyingine kabisa. Mnyauko wa bakteria ndio wa kuogopa, na hapo shamba la mpunga lina baraka yake: udongo uliokaa chini ya maji kwa miezi unapunguza sana bakteria hao. Basi usiwarudishe kwa mbegu. Aina ya viazi iitwayo Cruza 148 inapendwa Kivu kwa kuvumilia mnyauko huo, lakini kwa kuvumilia huko inaweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili, kwa hiyo usichukue mbegu ya sokoni Kadutu, Bukavu. Waulize INERA Mulungu, kituo cha utafiti wa kilimo, ni mkulima gani wa mbegu anayekaguliwa, au nunua kwa mtu ambaye umeliona shamba lake likiwa bado kijani. Na mavuno ya uwandani uyale yote au uyauze, usiweke mbegu ya mwaka ujao humo: vidukari vya nyanda za joto hueneza virusi, na mbegu inachoka haraka. Kila mwaka iteremshe mpya kutoka milimani. Tafuta mbegu hiyo kuanzia mwezi wa nne, maana inahitaji muda wa kuchipua kabla mpunga haujavunwa.