Kabla Hujalipia Sura Mpya ya Tovuti, Fungua Chanzo Chake

Kazi zangu nyingi huanza baada ya uzinduzi. Tovuti ina sura mpya, picha zinang'aa, mkurugenzi ameshatuma kiungo kwenye makundi yote ya WhatsApp, halafu simu zinaanza kuingia: fomu haiendi, kwenye simu maandishi yanakatika, ukurasa unazunguka tu haufunguki. Nikitazama chanzo cha ukurasa, nakuta msimbo wa mwaka 1999.

Chukua chama kimoja cha akiba na mikopo nilichokisaidia. Kwa macho, tovuti yao ilipendeza kweli. Chini yake kulikuwa na jedwali ndani ya jedwali, na katikati yake vipicha vya GIF visivyoonekana, vya pikseli moja, vilivyowekwa ili kusukuma maandishi yakae mahali pake. Miaka ya 1990 mbinu hiyo ilikuwa na sababu. CSS, lugha ya kupanga sura ya ukurasa, ilitangazwa rasmi Desemba 1996, lakini vivinjari vya wakati ule viliitafsiri kila kimoja kivyake, na mafundi hawakuwa na njia nyingine ya kupanga ukurasa. Leo ndani ya CSS tuna Flexbox ya kupanga ukurasa, na tangu Machi 2017 Chrome, Firefox na Safari zote zinaielewa Grid, njia nyingine ya kazi hiyo hiyo. Jedwali la viwango vya riba libaki jedwali, hiyo ndiyo kazi yake. Barua pepe nazo ni habari nyingine, kwa sababu Outlook ya zamani ya Windows huchora ujumbe kwa injini ya Word. Lakini ukurasa mzima wa tovuti kupangwa kwa majedwali leo, hapana.

Iliyoniuma zaidi ni fomu ya kuomba mkopo. Kitufe cha "Tuma Maombi" hakikuwa kitufe. Kilikuwa div, yaani kisanduku cha kawaida cha ukurasa, iliyopakwa kijani na kuunganishwa na JavaScript, msimbo unaoitikia mtu akibofya. Mwenye kipanya haoni tofauti yoyote, lakini anayetumia kibodi peke yake hakifikii, na asiyeona anayesikiliza ukurasa kwa TalkBack, programu ya Android ya kusoma skrini kwa sauti, hatajiwi kwamba pale pana kitufe. Sehemu ya namba ya simu iliandikwa kama maandishi ya kawaida, kwa hiyo mwanachama akiigusa analetewa herufi badala ya tarakimu. Kuandika type="tel" kungetosha. Na juu kabisa, ukurasa ulijitambulisha kwa lang="en" ilhali kila neno lilikuwa la Kiswahili. Programu za kusoma skrini hutumia alama hiyo kuchagua sauti, kwa hiyo mtu huweza kusomewa "mkopo wa kilimo" kwa matamshi ya Kiingereza, asiambulie kitu. Dawa yake ni herufi mbili: sw. Mafundi wenzangu, nawaomba sana tuizingatie hii. Ni lugha yetu na ni watu wetu.

Upande wa seva hali ilikuwa ya hatari. Tovuti iliendeshwa na PHP 5.6, toleo la zamani la lugha ya programu za seva, ambalo liliacha kupewa marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018, na iliongea na hifadhidata kwa amri ya mysql_query, iliyoondolewa kabisa kwenye PHP 7.0 mwaka 2015. Wenye chama walikuwa wameambiwa wasiguse toleo la PHP, tovuti itakufa. Ilikuwa kweli. Ila lile neno analoandika mtu kwenye kisanduku cha kutafuta lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye swali la hifadhidata bila kuchujwa, maana yake mjuzi yeyote angeweza kuchota taarifa za wanachama. Kubadilisha rangi ya ukurasa wa mbele huku mlango huo uko wazi ni kupaka rangi nyumba iliyoliwa na mchwa.

Siwalaumu mafundi peke yao. Mteja hulipia anachokiona, muda hauna huruma, na templeti ya zamani ipo tayari kwenye kompyuta. Ndiyo maana mwenye tovuti lazima ajue kukagua, hata kama hajui kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Kaa kwenye kompyuta, weka kipanya pembeni, jaribu kujaza fomu hadi kuituma kwa kitufe cha Tab na Enter tu. Ukikwama, na wateja wako wapo watakaokwama. Kisha bonyeza Ctrl na U uone chanzo: neno table likijirudia kila mahali kwenye ukurasa usio na takwimu, uliza kwa nini. Ndani ya Chrome kuna Lighthouse, ni bure, itakupa alama za kasi na ufikivu, yaani kama hata wenye ulemavu wanaweza kuitumia tovuti. Halafu fungua tovuti kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando la kawaida, siyo Wi-Fi ya ofisini. Picha za juu za megabaiti kadhaa zitajianika zenyewe.

Muulize fundi toleo la PHP na nani atalipandisha likizeeka. Yaandike hayo kwenye mkataba kabla ya malipo ya kwanza, pamoja na sharti kwamba mafaili yote na manenosiri ya seva yatakabidhiwa kwako. Awamu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi hadi majaribio hayo yafanyike mbele yako, kwenye tovuti yenyewe, siyo kwenye picha za skrini.