Barua kwa binti yangu: kwa nini wavulana ndio wanaopigana

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini kwenye sherehe zenu huko Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, wavulana wakilewa hurushiana ngumi, na wasichana waliokunywa chupa zilezile huishia kutukanana au kulia.

Si kwamba wasichana wanalewa kidogo. Chupa moja kubwa ya bia ya Simba, ya karibu sentilita 70, ina takribani gramu 28 za alikoli. Pombe husambaa katika maji ya mwili, na mwili wa mwanamke una maji machache. Wewe na kaka yako mkinywa sawa, hata mkiwa na uzito mmoja, wewe ndiye utakayelewa zaidi. Ini nalo huhitaji saa 3 hadi 4 kuimaliza chupa hiyo. Ingekuwa ulevi peke yake ndio unaoleta ngumi, wasichana wangetangulia.

Kinachowasha moto ni kuchokozwa. Mwanasaikolojia Stuart Taylor alibuni mwaka 1967 mchezo wa maabara ambapo washindani hupigana shoti za umeme na kuchagua ukali wake. Majaribio ya namna hiyo yameonyesha kwamba pombe huzidisha ukali wa wanaume kuliko wa wanawake. Aliyelewa huona kilicho mbele yake tu: kusukumwa, kiatu kukanyagwa. Kesho haioni. Na mvulana amelelewa akijua kwamba akiguswa mbele ya watu lazima ajibu, kwa hiyo hao watazamaji ni hatari kuliko chupa ya tatu.

Wasichana nao hupiga, usidanganyike. Ila kati ya wapenzi, anayeumia vibaya zaidi kwa kawaida ni msichana.

Basi kwenye sherehe yenu ya Jumamosi, bukari (ugali) iliwe kabla bia haijafunguliwa, kwa sababu tumbo tupu hupandisha pombe haraka, na hasira hushika zaidi pombe ikiwa inapanda. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, isiingie kabisa. Nguvu yake anaijua aliyeipika, naye pengine haijui. Mimineni kwenye vikombe vya plastiki, chupa zirudi kwenye kaziye (kreti) zao: ngumi huvimbisha jicho, chupa iliyovunjika hukata mshipa. Wakianza kusukumana, msiwashike mikono kwa nyuma, maana aliyeshikwa hudhani anashambuliwa. Rafiki mmoja anayeheshimika amwite mmojawapo kwa jina, amtoe nje mbali na macho ya watu, na asimrudishe ndani usiku huo. Msichana ambaye mpenzi wake ameshaanza kufoka asirudi naye nyumbani. Alale kwako, hata akisema hakuna shida.

Baba yako