Mfupa Hujuaje Kwamba Unakanyagiwa?

SWALI: Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Niliteleza wakati wa kushuka nikavunjika mfupa wa ugoko. Hogo limeshaondolewa, lakini mguu umekonda kiasi kwamba soksi haishiki. Mtaalamu wa fiziotherapia ananiambia nianze kuukanyagia kidogo kidogo, eti mfupa unahitaji "kusikia uzito". Mama yangu anasema niendelee kupumzika na kunywa mtori na supu ya kongoro. Hivi mfupa unasikiaje?
Msomaji, Marangu, Moshi

JIBU: Pole kwa ajali. Kuhusu chakula mama hajakosea, maana protini na madini ya mfupa hayatoki hewani. Ila tofali likishushwa kiwanjani halijipandishi ukutani lenyewe, na anayemwita fundi wa mfupa ni uzito.

Kukonda kwa mguu ni habari ya misuli zaidi, nayo itarudi kwa mazoezi. Mfupa ndio wenye mambo. Ndani yake mna seli hai ziitwazo osteosaiti, kila moja ikiwa imejificha katika kitundu chake na kunyoosha mikono myembamba kupitia vijifereji hadi kuzigusa seli jirani. Vijifereji hivyo vimejaa majimaji. Unapokanyaga, mfupa hujipinda kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana kwa macho, majimaji yakasukumwa, na yanapopita huzivuta seli. Ukiinua mguu, hurudi.

Mvuto huo hugeukaje kuwa habari? Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana mwaka 2010 katika maabara ya Ardem Patapoutian huko California. Yeye na Bertrand Coste walichukua seli za panya zilizotoa mkondo mdogo wa umeme kila zilipodonolewa kwa ncha ya kioo, kisha wakawa wanazima jeni moja baada ya nyingine katika orodha ya jeni 72 walizozishuku. Ya mwisho kabisa ndiyo iliyozinyamazisha seli, na mimi huwa nafikiria alivyolala mtu aliyekwisha kuzima 71 bila kuambulia kitu. Jeni hiyo, pamoja na protini yake, iliitwa Piezo1, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mgandamizo, na mwaka 2021 Patapoutian alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na David Julius. Protini yenyewe ina umbo la pangaboi lenye mapanga matatu, lililokaa kwenye utando wa seli na kuubonyeza uwe kama bakuli. Utando ukivutwa, bakuli hutandazika, tundu la katikati hufunguka, na kalsiamu yenye chaji huingia.

Osteosaiti nazo zina Piezo1, na ishara hiyo ya kalsiamu huzifanya zipunguze kutengeneza sklerostini, protini ambayo kazi yake ni kuzizuia seli zinazojenga mfupa. Yaani ujenzi huwa umefungwa breki, na hatua zako ndizo zinazoilegeza. Mguu ukikaa wiki nyingi bila mzigo, sklerostini huongezeka na seli zinazomega mfupa hupata nafasi. Ndivyo inavyowapata wanaanga wanaoelea bila uzito, ambao wanaweza kupoteza asilimia 1 au zaidi ya madini ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Tangu mwaka 1892, daktari wa Ujerumani Julius Wolff alikwisha kuandika kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba, ingawa aliona matokeo tu, bila kuujua mlango wenyewe.

Hayo hayana maana kwamba wiki ijayo ubebe zile kilo 20 za mpagazi zinazopimwa kwenye lango la mlima. Mwombe mtaalamu wako akutajie kilo za kuanzia. Chukua mizani ya kupimia watu na ubao wenye kimo sawa nayo. Simama kwa mguu mzima juu ya ubao, ukiwa umeshika magongo, kisha ugandamize mguu mgonjwa kwenye mizani hadi mshale ufike kwenye kilo hizo, ukirudia mpaka uweze kuzipata bila kutazama.