Maswali ya Wasomaji: Kigari kipya kinajikunja, muuzaji anasema nenda kiwandani

SWALI: Nilinunua kigari kipya cha mtoto. Wiki ya tatu kifungio cha fremu kilianza kuachia, na juzi kigari kilijikunja mtoto akiwa ndani, ila hakuumia. Muuzaji anasema hayo ni ya kiwanda, tena bila boksi hapokei kitu. Kwa sasa nimekifunga kwa waya. Nina haki gani?
*Mama wa mtoto wa miezi saba*

JIBU: Mama, kabla ya haki, toa huo waya na usimweke tena mtoto humo. Kifungio kikiachia, bawaba hujifunga kwa nguvu, na kidole kilichopo katikati hakina pa kwenda. Mwaka 2009 nchini Marekani, kampuni ya vigari vya watoto ya Maclaren ililazimika kutoa vifuniko vya bawaba kwa vigari vipatavyo milioni moja kwa sababu ya watoto kukatwa ncha za vidole. Waya una hasara nyingine pia: unampa muuzaji nafasi ya kusema umekichokonoa mwenyewe.

Muuzaji anakuzungusha. Aliyepokea pesa yako ndiye mliyeuziana naye, kwa hiyo kwa kawaida yeye ndiye wa kwanza kuwajibika. Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya haki hiyo, haiifuti. Boksi nalo si hati. Kinachotakiwa ni ushahidi wa ununuzi, na risiti ikipotea, ujumbe wa malipo ya simu au taarifa ya benki hutosha mara nyingi.

Muda ndio unaotofautiana kati ya nchi na nchi, basi usikawie. Chini ya sheria ya Uingereza ya 2015, mnunuzi ana siku 30 za kurudisha bidhaa mbovu na kupewa pesa yote. Zikipita, muuzaji hupata nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Akishindwa, mnunuzi anaweza kudai pesa. Hitilafu ikijitokeza ndani ya miezi 6, ni juu ya muuzaji kuthibitisha kwamba haikuwepo tangu mwanzo. Tafuta vipengele kama hivyo katika sheria ya kwako.

Jipime kwanza kama atakavyokupima yeye. Je, fremu hufunguliwa nusu, kabla vifungio vyote havijalia "ta"? Kuna mchanga ndani ya kifungio? Mifuko mizito huning'inizwa kwenye mpini? Hayo ndiyo madai ya "matumizi mabaya" yanayopendwa madukani. Kama hayapo, piga video kifungio kikiachia, ukiwa umeweka mzigo badala ya mtoto. Piga picha stika yenye modeli, namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa; mara nyingi iko kwenye fremu au chini ya kiti. Kisha andika, usipige simu tu:

*"Tarehe … nilinunua kwenu kigari modeli …, namba … . Tarehe … kifungio cha fremu kiliachia mtoto akiwa ndani. Si salama kutumika. Naomba kurudishiwa pesa yangu yote ndani ya siku 14. Nimeambatisha video na uthibitisho wa malipo."*

Usikubali "tuachie tutaangalia" bila karatasi ya makabidhiano yenye tarehe. Akikataa, peleka faili hilo kwa mamlaka ya kulinda walaji, na kama ulilipa kwa kadi, iulize benki kuhusu kurejeshewa malipo.

SWALI: Kitanda kipya cha mtoto kina tundu moja la bolti lisilolingana. Fundi anaweza kulitoboa upya?

JIBU: Asiguse. Tundu jipya kando ya la zamani hudhoofisha ubao, na dai lako litapingwa. Omba ubao mwingine kwa namba yake iliyo kwenye kijitabu cha maelekezo. Ukiwa hapo, pima nafasi kati ya fito: kiwango cha Ulaya ni sentimita 4.5 hadi 6.5. Ikizidi, usihangaike na ubao, dai pesa.

SWALI: Kiti cha gari tulipewa zawadi, kipya, lakini mikanda haikazi. Sina risiti.

JIBU: Angalia kwanza kama mkanda umejisokota au kuna makombo kwenye kikazio. Usitie mafuta wala dawa ya kung'arisha nguo. Kisha ingiza modeli na namba yake kwenye tovuti ya kampuni: kama kimetangazwa kuondolewa sokoni, kwa kawaida anayehudumiwa ni yule aliye nacho, awe na risiti au la. Kama hakimo, mwombe aliyekupa adai yeye, kwa kuwa ndiye mnunuzi. Huo ni uso kwa uso usiopendeza, lakini heri huo kuliko mkanda unaoachia wakati wa breki ya ghafla. Dai likishamalizika na kiti kikabaki kwako, kata mikanda kabla ya kukitupa, mtu mwingine asije akakiokota na kukitumia.