Laiki 1,800, keki sifuri

Naoka keki nyumbani, Pasua, Moshi. Mwaka wa kwanza niliuza kwa stetasi ya WhatsApp na kwa akina mama wa jumuiya kuambizana, na zilikwenda. Halafu picha moja ya keki ya ubatizo ikapendwa sana, Instagram ikanishauri niipromoti, yaani nilipie ionwe na watu wengi zaidi. Nikaweka 50,000 kwa siku tano.

Simu haikulala. Laiki zikapita 1,800. "Hongera dada." "Unafundisha?" Mtu wa Mbeya akauliza kama natuma mikoani. Keki ya krimu, kwa basi, mpaka Mbeya! Siku tano zikaisha sijauza hata kilo moja.

Nilizunguka nikisema matangazo ya kulipia ni wizi, hadi nilipokaa nikaangalia nilichobonyeza. Eneo: Tanzania nzima. Lengo: watu watembelee ukurasa wangu. Basi wakatembelea. Nililetewa nilichoagiza.

Mara ya pili nikaweka 20,000 tu. Eneo nikalibana Moshi mjini na kilomita chache pembeni, ifike hospitali ya KCMC na Kiboriloni, inatosha. Lengo nikachagua ujumbe, kwa sababu mfumo huwatafuta watu wenye tabia ya kufanya kile ulichochagua: ukitaka watazamaji utapewa watazamaji. Na bei nikaiandika palepale kwenye picha: kilo mbili, 60,000. Wenzangu wengi hawalitaki hili, kwao kila kitu ni "njoo inboksi". Mimi naona unajichosha bure, maana asiyeimudu bei hataimudu hata huko inboksi, na muda wa kubembelezana utakuwa umeshakwenda.

Laiki zilikuwa 23. Walioandika walikuwa 11, wanne wakatoa advansi. Ukitoa mayai, siagi, gesi na boda, kila keki huniachia kama 20,000, kwa hiyo keki moja ililipa tangazo na tatu zikawa zangu. Hiyo ndiyo hesabu ya kupiga, faida iliyobaki mkononi. Ukihesabu mauzo matupu utajiona tajiri.

Kati ya wale saba waliobaki, wawili niliwapoteza mwenyewe. Waliandika saa nne usiku, nikajibu asubuhi baada ya kupeleka watoto shule, wakaniambia wameshapata kwingine. Siku hizi tangazo likiwa hewani simu naiweka karibu na oveni.

Si kila biashara inahitaji haya. Mwenye genge Mbuyuni, wateja wake wanampitia mlangoni kila jioni. Hela hiyo aongeze nyanya. Na ukilipia kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, weka kiasi cha tangazo tu na upange tarehe ya kuisha, usije ukasahau likaendelea kukukata.

Desemba ndipo ninapogeuza mambo. Wachaga wanapanda nyumbani Kilimanjaro kwa sikukuu, lakini mwezi wa 11 mwenye hela ya keki bado yuko Dar. Kwa hiyo tangazo nalielekeza Dar: "Unapanda lini? Keki utaikuta Moshi." Najua nashindana na ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, maana kwenye sherehe zetu mbuzi ndiye anayekatwa kama keki, na akivalishwa majani mdomoni hakuna krimu yangu itakayomshinda kwa picha. Hata hivyo mwaka jana nilifunga oda tarehe 20. Friji ilikuwa imejaa.