Usilipie 16S peke yake kwa sampuli za Ziwa Nakuru

Simamisha malipo hayo kwanza. Umeandika kwamba utasoma jeni ya 16S, ile inayotambulisha bakteria, katika maji ya Ziwa Nakuru, kisha uiachie programu ya PICRUSt2 ikuonyeshe jeni nyingine zilizomo, na umeuliza kama hilo linatosha kwa tasnifu. Halitoshi.

Nilifuata njia hiyohiyo katika Ghuba ya Winam, nikitafuta uwezo wa kutengeneza mikrosistini, sumu ya ini inayoandamana na maji ya kijani hapa Kisumu. PICRUSt2 haisomi jeni hizo. Hulinganisha 16S yako na ya bakteria ambao jenomu zao, yaani DNA yao yote, zimekwisha kusomwa, ikakisia kwamba jamaa wa karibu wana jeni zilezile. Lakini Microcystis wawili, bakteria wa maji hayo ya kijani, huweza kufanana kwa 16S, mmoja akawa na jeni zote kumi za mcy, zinazotengeneza mikrosistini, na mwingine asiwe nazo. Niliandika sura nzima juu ya jedwali la makisio hayo, hadi mtahini aliponiomba nimwonyeshe kipande kimoja tu cha mcyE, mojawapo ya jeni hizo kumi, katika data yangu. Sikuwa nacho wala nisingeweza kuwa nacho, kwa kuwa nililipia kusoma jeni nyingine kabisa. Kufikia hapo DNA ilikuwa imekwisha, na maji ya msimu ule yalikuwa yamekwenda zake. Grafu, lakini, zilikuwa na rangi za kupendeza. Hilo hata mtahini hakulipinga.

Mkufunzi wa warsha aliyetuonyesha pa kubonyeza alitugawia vyeti vyenye mhuri bila kutamka neno "makisio" hata mara moja. Bado namdai.

Kwako ni hatari zaidi, kwa sababu bakteria wengi wa maziwa ya magadi kama Nakuru hawana jamaa wa karibu aliyesomwa jenomu. Angalia NSTI, kipimo cha umbali kati ya bakteria wako na jamaa huyo: programu yenyewe huondoa tu waliozidi 2, ulegevu usiofaa kuegemewa. Usidai jeni ambayo hukuisoma. Punguza sampuli, usome DNA yote ya hizo chache na uitafute jeni yenyewe. Hata hivyo utakuwa umethibitisha uwezo tu, kwani utendaji unadai RNA, nakala ambazo jeni hutoa inapofanya kazi. Na kabla ya kutuma chochote maabara, gawa DNA ya kila sampuli, nusu ibaki kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na msimamizi wako asiiguse.